Lundo la Muhogo na Kazi ya Ukungu

Mpita njia atokaye Tororo mjini, akaliacha nyuma lile jabali kubwa lisimamalo juu ya mji, akashika njia ya kusini kuelekea Busia, hukutana na muhogo kila upande. Muhogo uko shambani, uko juu ya mawe umeanikwa, uko kando ya lami juu ya maturubai, uko ndani ya magunia yaliyofungwa nyuma ya baiskeli. Mpaka wa Uganda na Kenya umeugawa mji wa Busia vipande viwili na kuuweka chini ya serikali mbili, lakini haukuyagawa mapishi. Waiteso na Wasamia wako huku na huku. Chakula ambacho Waiteso hukiita atap na Waluhya hukiita obusuma, katika nyumba nyingi za pande zote mbili, hutoka katika unga wa muhogo uliochanganywa na wimbi au mtama.

Katika mashamba hayo muhogo ni wa namna mbili. Ule mtamu humenywa, ukachemshwa na kuliwa siku iyo hiyo. Ule mchungu hauliwi hivyo, kwa maana una sumu. Hata hivyo wakulima wengi huupenda mchungu, wala si kwa ujinga. Wanyama waharibifu hawaushambulii sana, mwizi hana haja ya kuung'oa usiku na kuutafuna njiani, nao huweza kukaa ardhini muda mrefu ukingoja siku ya haja. Ni benki ya maskini, lakini kuitoa fedha iliyowekwa humo kunataka maarifa.

Maarifa yenyewe ni haya. Muhogo ukisha kung'olewa humenywa, nao huanikwa juani siku moja au zaidi hadi unyevu wa juu upungue. Kisha hukusanywa ukawekwa lundo moja katika pembe ya nyumba au ya jiko, ukafunikwa kwa majani, nyasi au magunia, ukaachwa siku tatu hadi nne, pengine tano iwapo kuna baridi. Ndani ya lundo joto hupanda. Mama mwenye nyumba akitia mkono chini ya majani huyahisi mvuke. Siku ya pili au ya tatu huonekana utando mweupe kama pamba, mahali pengine wa kijivu, na mara nyingi wa rangi ya chungwa. Muhogo uliokuwa mgumu kama ubao sasa hubonyea kwa kidole. Hapo ukungu hukwanguliwa kwa kisu, muhogo hupondwapondwa vipande vidogo, ukaanikwa tena hadi ukauke kabisa, na mwishowe hutwangwa au kupelekwa mashineni.

Mgeni asiyejua, kama vile askari aliyehamishwa kutoka mkoa wa mbali akapanga chumba karibu na kituo cha mpakani, akiona lundo hilo na kunusa harufu yake atadhani chakula kimeoza na mwenye nyumba ni mzembe. Kumbe ameonyeshwa kiwanda. Kinachofanyika chini ya majani yale ya mgomba ndicho kinachofanyika leo katika mapipa ya chuma ya viwanda vikubwa vya Ulaya, Marekani na Asia, ila huko husimamiwa na wataalamu waliovaa makoti meupe, na huku husimamiwa na bibi wa nyumba aliyefundishwa na mama mkwe wake.

KAMBA ISIYOTAFUNIKA

Kila mmea umejengwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo seli, na kila seli imezungukwa na ukuta. Ukuta huo ndio uupao mti ugumu wake, katani nguvu zake, na pamba nyuzi zake. Sehemu yake kubwa ni kitu kiitwacho selulosi. Hakuna kitu kingine kilichotengenezwa na viumbe hai ambacho ni kingi duniani kuliko selulosi: nyasi, mabua, mbao, karatasi, magunia ya katani na sare ya pamba, zote kwa sehemu kubwa ni hiyo.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba selulosi imetengenezwa kwa sukari. Vipande vidogo vya sukari iitwayo glukosi vimeunganishwa kimoja baada ya kimoja, maelfu kwa maelfu, vikawa uzi mrefu. Nyuzi nyingi zikalala sambamba, zikashikamana, zikawa kamba. Wanga wa ugali nao umetengenezwa kwa glukosi ile ile. Tofauti ni fundo tu. Katika wanga vipande vimefungwa kwa fundo ambalo mate yetu na matumbo yetu hulifungua kwa urahisi, na ndiyo sababu mtoto akitafuna kipande cha muhogo uliochemshwa kwa muda mrefu huanza kuonja utamu. Katika selulosi fundo limepinduliwa. Mwanadamu hana kifaa cha kulifungua. Akila nyasi atashiba upepo. Ng'ombe mwenyewe, anayesifiwa kwa kula nyasi, hana kifaa hicho bali amewapangisha tumboni mwake vijidudu wasiohesabika wanaomfanyia kazi hiyo.

Kifaa kinachotajwa hapa ndicho wataalamu wa Kiswahili wamekiita kimeng'enya. Kimeng'enya ni kitu kitengenezwacho na kiumbe hai kwa ajili ya kuharakisha kazi moja maalumu, nacho hakitumiki kikaisha. Wanaume wa Tororo wanaokaa kuzunguka mtungi wa ajon, kila mmoja na mrija wake mrefu, wanafahamu kazi ya vimeng'enya ingawa hawavitaji kwa jina: wimbi likioteshwa likawa kimea hutoa vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na sukari hiyo ndiyo chachu huigeuza kuwa kileo. Lakini vimeng'enya vya kimea huhangaika hasa na wanga. Kuvunja selulosi kunataka fundi mwingine, na fundi hodari kuliko wote ni ukungu pamoja na jamaa zake wa ukoo wa uyoga.

Ukungu hauna mdomo wala tumbo. Hutambaa juu ya chakula chake kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele, ukatema vimeng'enya nje ya mwili wake, vikameng'enya chakula pale pale kilipo, kisha ukanyonya sukari iliyopatikana. Ni kana kwamba mtu angemwaga tumbo lake juu ya sahani kabla ya kula. Kwa kazi ya selulosi vimeng'enya hivyo hutoka kwa makundi matatu yanayosaidiana. Kundi la kwanza hukata kamba katikati, ovyo ovyo, likatengeneza ncha nyingi mpya. Kundi la pili hushika ncha na kuchomoa vipande viwili viwili vya sukari, likisonga mbele juu ya uzi bila kuuachilia. Kundi la tatu hupokea vipande hivyo viwili na kuvitenganisha, kila kipande kikawa peke yake. Pamoja nao huja vimeng'enya vingine vya kuyeyusha pektini, ile gundi inayobandika seli moja na jirani yake. Msomaji na alikumbuke lile kundi la tatu, maana litarudi tutakapofika kwenye sumu.

HEMA ZILIZOLIWA VITANI

Wanajeshi ndio waliokuwa sababu ya sayansi hii kukua. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, majeshi ya Marekani yaliyopigana na Wajapani katika visiwa vya Pasifiki ya Kusini yalijikuta yanapambana na adui wa pili. Hema zilitoboka. Mikanda, mifuko, maturubai na sare za pamba zilioza mwilini na maghalani, tena kwa kasi isiyojulikana katika nchi za baridi. Mvua na joto la misitu ile vilikuwa vimeupa ukungu karamu.

Idara ya ugavi ya jeshi hilo ikaamuru sampuli za vitu vilivyooza zikusanywe na kuchunguzwa. Katika kitambaa cha pamba kilichotoka kisiwa cha Bougainville, ambacho leo ni sehemu ya Papua New Guinea, ulipatikana ukungu wa kijani ambao ulipewa namba ya QM6a. Herufi hizo mbili za mwanzo ni za jina la idara yenyewe ya ugavi. Mtaalamu Elwyn Reese na wenzake waliuchunguza kwa miaka mingi. Mwaka 1950 kundi lake lilitoa hoja kwamba selulosi haivunjwi na kimeng'enya kimoja bali na vingi vinavyofuatana kazini, na hoja hiyo ndiyo iliyofungua njia ya yote tunayoyajua leo. Pamoja naye alifanya kazi mwanamke mmoja hodari, Mary Mandels, katika maabara ya jeshi huko Natick, Massachusetts.

Mwanzo shabaha ilikuwa kuuzuia ukungu usile hema. Maturubai yalipakwa dawa zenye shaba, na baadaye nyuzi za viwandani ambazo hazina selulosi zikachukua nafasi ya pamba mahali pengi. Lakini Reese na Mandels walianza kuuliza swali la upande wa pili: ikiwa kiumbe huyu anaweza kuigeuza hema kuwa sukari, kwa nini asiajiriwe? Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipopanda duniani kote, swali hilo likawa la mataifa. Karatasi za takataka, mabua na maranda ya mbao yakaanza kutazamwa kama mafuta ya kesho. Mwaka 1977 ukungu wa Bougainville uligunduliwa kuwa wa aina ya peke yake, ukapewa jina Trichoderma reesei kwa heshima ya Reese. Maabara zikaulea, zikauchoma kwa mionzi na kemikali ili kupata vizazi vyenye bidii zaidi, na leo vizazi hivyo huweza kutoa zaidi ya gramu 100 za vimeng'enya katika lita moja ya majimaji viliyooteshwa ndani yake. Vyote hivyo ni uzao wa ukungu mmoja uliotoka katika kitambaa kilichooza.

Mafuta ya magari yatokayo kwenye mabua yamekwisha kutengenezwa, lakini bado gharama zake huwatesa wenye viwanda. Kwingineko kimeng'enya hiki kimeshinda bila kelele. Suruali za jinzi zilizochakaa kidogo kwa madoido zilikuwa zikipondwa na mawe mepesi ndani ya mashine za kufulia. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 viwanda vingi vimeacha au kupunguza mawe, vikatia kimeng'enya kinachokwangua uso wa pamba kikaachilia rangi. Kwa hiyo kijana anayechagua jinzi katika marundo ya mitumba ya soko la Busia huenda ameshika mkononi kazi ya mjukuu wa ukungu wa Bougainville. Kimo pia katika baadhi ya sabuni za unga, ambamo hula vinyweleo vinavyofanya nguo ya pamba ionekane kuukuu. Hutumika kukamua maji ya matunda yatoke kwa wingi, na hutiwa katika chakula cha kuku na nguruwe ili nafaka iwafae zaidi.

Na kwa mama wa kambini anayeosha sare: kombati ya pamba au yenye mchanganyiko wa pamba isikunjwe na kutiwa kabatini ingali na unyevu, hasa wakati wa masika. Madoa meusi yanayotokea kwenye mshono si uchafu bali ukungu umeanza kula. Doa likisha kuzama, sabuni haitarudisha uzi ulioliwa.

WAKULIMA WA CHINI YA KICHUGUU

Haidhuru tukitoka nje ya nyumba kidogo. Hapa hapa Tororo na Busia yupo mkulima wa ukungu aliyeanza kazi hiyo kabla ya mwanadamu yeyote kuwako. Ni mchwa wa vichuguu vikubwa. Mchwa huyu hukusanya vijiti, nyasi na majani makavu, akayatafuna na kuyajenga kama masega ndani ya kichuguu, akaotesha juu yake ukungu wa namna yake, ambao wataalamu huuita Termitomyces. Ukungu huo huvunja nyuzi za mmea, na mchwa hula mavuno. Uchunguzi wa urithi wa viumbe hawa unaonyesha kwamba ushirika wao ulianza Afrika kiasi cha miaka milioni 30 iliyopita.

Wenyeji wa nchi hizi huvuna mara mbili katika shamba hilo lisilo lao. Mvua zinyeshapo uyoga huchomoza juu ya kichuguu, nao ni mtamu kuliko nyama, kama watakavyoapa wengi. Tena kumbikumbi warukapo hukusanywa, wakakaangwa, wakaliwa na ugali ule ule wa muhogo. Wako mafundi wanaopiga ardhi kwa vijiti ili kumbikumbi wadhani mvua imekuja.

SUMU NA UKUTA

Sasa turudi kwenye lundo, kwa maana hapo ndipo penye uhai na mauti.

Sumu ya muhogo mchungu haikai tayari ndani ya mzizi. Ndani ya seli kuna kitu kiitwacho linamarini, ambacho ni sukari iliyofungwa pamoja na asili ya sianidi. Maadamu fundo halijafunguliwa, sianidi haijatoka. Kimeng'enya cha kulifungua, kiitwacho linamarasi, kimo katika muhogo ule ule, lakini kimekaa katika ukuta wa seli, mbali na linamarini. Mmea umewatenganisha kwa makusudi: mnyama akitafuna, ukuta huvunjika, hao wawili hukutana, na sianidi humwasha mdomoni. Kwa kazi yake linamarasi ni ndugu wa lile kundi la tatu la vimeng'enya vya ukungu, maana fundo walifunguao ni la namna moja.

Basi mpishi anatakiwa kufanya jambo ambalo likisemwa haraka husikika kama wazimu: aitoe sumu yote ndani ya muhogo kabla muhogo haujafika kinywani. Na kwa bahati njema sianidi ikisha kuachiliwa haina subira. Huchemka katika nyuzi joto 26 tu, kwa hiyo jua na upepo huichukua. Taabu iko katika kuifungua. Mzizi uliokatwa vipande vinene ukakaushwa upesi juani hukauka na kuta zake zikiwa nzima. Linamarini hubaki upande mmoja na linamarasi upande mwingine, na sumu hungoja ndani ya kopa lililo zuri, jeupe na lenye kupendeza.

Hapo ndipo kazi ya ukungu inapoonekana. Ukiachiwa siku zake, hupenya ndani ya mzizi, ukayeyusha gundi na kuzikata kamba za ukuta. Mzizi hulainika. Ulaini ule ambao mama huupima kwa kidole ni habari kwamba kuta zimeanguka na kwamba linamarini na linamarasi wamekutana. Hajui majina yao, lakini kipimo chake ni sahihi.

Wataalamu wakiongozwa na Essers walichunguza malundo ya namna hiyo katika vijiji vya Uganda, wakachapisha matokeo yao mwaka 1995. Katika malundo walikuta aina kadhaa za ukungu, na zilizotawala ni pamoja na Rhizopus, Geotrichum, na ule wa rangi ya chungwa uitwao Neurospora sitophila. Rhizopus ni jamaa ya ukungu ambao watu wa Java hutengenezea chakula chao cha soya kiitwacho tempe. Neurospora nao hutumika huko huko Java kwa chakula kiitwacho oncom. Tena binamu yake ndiye aliyewawezesha Beadle na Tatum mwaka 1941 kuonyesha kwamba urithi wa kiumbe ndio unaoamuru vimeng'enya vyake, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobeli mwaka 1958. Rangi ile ya chungwa katika pembe ya jiko la Tororo ina jamaa wenye sifa kubwa.

Uchunguzi huo ulithibitisha kwamba lundo hupunguza sumu sana, tena katika unga ule hawakukuta sumukuvu. Lakini ulionyesha pia kwamba haiondoi yote. Kiwango kinachokubaliwa kimataifa ni miligramu 10 za sianidi katika kilo moja ya unga, na wastani wa unga uliopimwa ulikizidi. Ikiwa njia nzuri, iliyofanywa kwa utaratibu na wenye kuijua, hubakiza kidogo, je, njia iliyokatizwa itabakiza kiasi gani?

Jibu limekwisha kutolewa kwa gharama kubwa. Mwaka 1985, wakati wa ukame mkali, katika wilaya ya Tarime, mkoa wa Mara nchini Tanzania, watu walipoteza nguvu za miguu ghafula. Mtu hulala mzima akaamka miguu imekakamaa, asiweze kutembea ila kwa fimbo, au asiweze kabisa. Na hali hiyo haiponi. Ni ugonjwa uitwao konzo, neno la watu wa Kongo, ambako ulielezwa na daktari mwaka 1938. Katika Tarime walihesabiwa wagonjwa 39. Miaka minne kabla yake, mwaka 1981, katika jimbo la Nampula, Msumbiji, walioathirika walizidi 1,000, wengi wao wanawake na watoto. Sababu ilikuwa moja: njaa iliharakisha mikono. Mihogo michungu ndiyo iliyosalia mashambani, watoto walilia, na siku za kuuandaa zikafupishwa. Tena hapakuwa na samaki, nyama wala maharage ya kuusaidia mwili kuishinda sumu.

Wala si ukame peke yake. Mwezi Septemba mwaka 2017, wilayani Kasese, magharibi ya Uganda, watu waliokula ugali wa muhogo waliugua kwa saa chache, wengine wakiwa wametoka mazishini. Wagonjwa walifika 98, na wawili walikufa. Uchunguzi ulifuata nyayo za unga huo hadi kwa mwuzaji mmoja wa jumla. Waliounyunyiza unga ule ndani ya sufuria hawakuwa wameupanda wala kuumenya muhogo wake. Walinunua unga, kama wanunuavyo wake za askari katika kila mji wenye kambi.

Hapa pana jambo la kutafakariwa na wanunuzi wa Busia. Zamani mla unga alikuwa ndiye mwenye lundo. Sasa muhogo husafiri, unavuka mpaka kwa malori na kwa baiskeli, na mnunuzi hupenda kopa jeupe kuliko lile la kijivu lenye madoa ya ukungu uliokwanguliwa. Mkulima aonaye kwamba jeupe lina bei hushawishika kuacha lundo. Si kosa kwa muhogo mtamu. Kwa muhogo mchungu ni hatari, na weupe wa unga hausemi lolote kuhusu usalama wake.

Hali ilitatanishwa zaidi na ugonjwa wa batobato kali, ulioangamiza mihogo ya Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990, ukavuka hadi Kenya magharibi. Vituo vya utafiti, Serere na Namulonge upande wa Uganda na Alupe upande wa Busia ya Kenya, vilihangaika kutafuta na kueneza mbegu zinazostahimili. Faida yake ni kubwa. Lakini mbegu mpya ikiingia kijijini, mama hana budi kuuliza jambo ambalo nyanya yake hakuhitaji kuuliza, yaani kama ni tamu au chungu, maana kwa macho haitambulikani.

UKUNGU SI WOTE

Yasije yakadhaniwa kwamba kila kilichoota ukungu ni chakula. Ukungu wa lundo hufanya kazi kwa siku chache, katika joto na unyevu, nao ni mweupe, wa kijivu au wa chungwa. Ule wa kijani kibichi au wa manjano-kijani, hasa unaoota baadaye juu ya makopa yaliyokauka nusu au katika nafaka iliyowekwa ghalani na unyevu, waweza kuwa ule utoao sumukuvu. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliwaua watu 125 katika wilaya za mashariki ya Kenya. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika.

Kwa hiyo lundo lenye kuteleza, lenye harufu ya uozo badala ya harufu ya chachu, au lenye ukungu wa kijani au mweusi uliozama ndani, litupwe. Baada ya kukwangua, muhogo upondwe vipande vidogo na kuanikwa tabaka jembamba juu ya kitu kisafi kilichoinuliwa kutoka ardhini, wala usiachwe ukanyeshewa. Ukikauka sawasawa kipande huvunjika kwa mlio. Kinachopinda hakijakauka.

Na aliyenunua unga sokoni asiojua asili yake anayo njia moja, rahisi, iliyofundishwa na mtaalamu Howard Bradbury wa Australia na ambayo imetumiwa vijijini Kongo kwa manufaa. Unga hukorogwa na maji hadi uwe rojo zito, ukatandazwa juu ya sinia au mkeka safi kwa unene usiozidi sentimeta moja, ukaachwa saa mbili juani au saa tano kivulini. Linamarasi iliyobaki katika unga hupata maji, ikaamka, ikafungua yaliyosalia, na sianidi ikaenda zake na hewa. Ugali husongwa siku iyo hiyo, kwa kuwa unga uliolowa haungoji kesho. Ukiliwa pamoja na dagaa, ambao wa upande mmoja wa mpaka huwaita omena na wa upande mwingine mukene, mwili hupata kile unachohitaji ili kuyashinda mabaki. Na yeyote ambaye baada ya kula muhogo ameshikwa na kizunguzungu, kutapika, kichwa kuuma na pumzi kwenda mbio asilazwe nyumbani akasubiriwa. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na sahani yake ichukuliwe pamoja naye.